Nilivyotangaza vita ya F-16 na Spitfire juu ya Muscat, na dada yangu akaamini

Wakuu, salaam kwenu nyote, mnaosoma kazini kwa kuficha simu chini ya meza na nyie mliolala chali hamna habari.

Naanza na ujinga wangu kabisa, ili msije mkaukuta katikati ya uzi mkadhani mmegundua kitu. Nilirekodi sauti yangu nikitangaza vita ya ndege juu ya mji ninaoishi, nikakata sehemu inayosema ni gemu, halafu nikaituma kwenye grupu la Watanzania wa huku.

Ndiyo. Mtu mzima, ndevu zimeanza kuchanganya rangi.

Wale wazee wa "hii chai" wasogeze vikombe pembeni. Haya yametokea. Nimebadilisha majina tu, na mkifika chini mtaelewa kwa nini.

Niwape picha kwanza.

Naishi Ruwi, Muscat. Nafanya kazi laundry iliyopo chini ya jengo hilohilo ninalolala. Kutoka kitandani hadi kwenye pasi ni ngazi tu. Watu wa nyumbani wakinipigia kuniuliza Muscat ikoje, nawaambia ina ngazi nzuri.

Mimi sio mtu wa kutoka. Wenzangu Ijumaa wanaenda corniche ya Mutrah, ile barabara ya kando ya bahari, kupiga picha, mimi nafunga pazia, nawasha AC, nakaa na laptop yangu. Bahari ya Oman naijua kwa chumvi iliyoganda kwenye kanzu za wateja.

Elimu yangu form four, Muheza. Physics ilinikataa nami nikaikataa. Lakini ndege, wakuu, ndege nazijua. Wapo wenzenu wanaojua majina ya wachezaji wa timu zote za Ulaya, mimi najua bawa la Spitfire lina umbo gani.

Sasa, mada ilianzia humuhumu jukwaani.

Mdau mmoja aliuliza, hivi zile ndege vita za pangaboi za vita kuu ya pili zikikutana na jeti za leo, zinaweza hata kuichubua rangi jeti moja?

Watu wakacheka. Mimi sikucheka. Mimi nikaandika.

Nilisema hivi. Chukua F-16 nne, chukua Spitfire hamsini, hizo za pangaboi. Jeti inabeba makombora machache, tuseme sita kila moja. Zikirusha yote, na yote yakapata, bado Spitfire zaidi ya ishirini zipo hewani zinanguruma. Hapo jeti inabaki na mzinga wake wa risasi, ambao ukiubonyeza bila kuachia unakauka kabla hujamaliza Bismillah.

Na ikitaka kupiga kwa risasi lazima isogee. Ikisogea na kupunguza mwendo, imeingia kwenye uwanja wa mwenzake. Spitfire inakata kona kama bajaji, jeti inakata kona kama semi-trailer.

Halafu kuna suala la joto. Kombora la joto linanusa moto wa injini. Injini ya jeti ni tanuri. Injini ya pistoni moto wake ni mdogo, kombora linaweza kuzubaa likafuata kitu kingine.

Hilo la joto lishikeni, kwa sababu ndilo lililotaka kuua mtu.

Yule mdau akanijibu kwa mistari miwili. Akasema jeti haina haja ya kusogea, itapiga kutoka mbali usikoiona, itaondoka, itajaza mafuta, itarudi. Akamalizia kwamba mimi ni mpiga pasi. Sijui alijuaje.

Nikaapa nitamwonyesha.

Nina gemu la kurusha ndege, la laptop, sio la kwenye simu. Lina ramani ya Ghuba, Muscat imo, milima imo, Bandari ya Sultan Qaboos imo. Alhamisi jioni nikapanga pigano. Spitfire hamsini zinazunguka juu ya bandari, jeti nne zinatokea baharini.

Nikajiweka kwenye Spitfire. Nikawasha rekoda. Nikaanza kutangaza.

Hapa niwape tahadhari. Mimi sauti ya utangazaji ninayo. Toka shule nilikuwa natangaza mechi za darasa kwa darasa, nimesimama juu ya dawati, kwa mtindo wa redio. Watu walikuwa wanaacha kuangalia mpira wanasikiliza mimi. Kwa hiyo sikusema "jeti inakuja". Nilisema kama tunavyosema Waswahili tukishika kipaza sauti, kwa pumzi, kwa majina ya mitaa, na kumwita mama.

Mwanzoni nilikuwa nacheka.

Halafu likatokea jambo sikulitegemea. Nipo kwenye kile kiti, anga jeupe, injini inanguruma vizuri, mwenzangu wa kulia namwona kabisa. Mara akageuka moshi.

Sikuona kitu. Sikusikia kitu. Nikageuza shingo kushoto, wa kushoto naye hayupo.

Wakuu, ni gemu, najua. Lakini nywele zilinisimama. Unazunguka mjini mwako, chini unaiona Mutrah, na kuna mtu mbali huko anakuchagua na wewe hata hujui aliko. Kona zangu za bajaji zilikuwa za kumkatia nani?

Nikapiga kelele kweli. "Zinaingia kutokea upande wa Sidab, zinaingia chini kabisa, bandarini kunawaka, Mutrah kunawaka, mama yangu, hawaonekani, hawaonekani wanaotupiga."

Ile hofu kwenye sauti haikuwa ya kuigiza. Ndiyo maana watu waliamini.

Video ilikuwa nzito, jukwaa likaikataa. Nikatoa sauti peke yake. Ilikuwa ndefu, nikakata mwanzo wote ule wa "wakuu karibuni kwenye gemu letu". Nikabakiza kipande kitamu.

Ijumaa asubuhi, baada ya chai, nikakitupia kwenye grupu letu la huku, na juu yake nikaandika kwa mbwembwe: Muscat leo hapakaliki.

Nikaweka simu chaji, nikaitia silent, nikarudi kulala. Ijumaa laundry inafunguliwa baada ya swala, na mimi usingizi wa Ijumaa siuchezei.

Mnakumbuka kipindi kile majirani zetu wa Ghuba walikuwa wanarushiana makombora na dunia nzima inaangalia juu? Ndicho kipindi chenyewe. Oman kulikuwa shwari, lakini kila mtu alikuwa anasikiliza kwa sikio moja la ziada. Mwarabu akifunga mlango wa gari kwa nguvu, Wahindi wa dukani wanainua kichwa.

Mimi katikati ya hali hiyo nimetuma mlipuko.

Kilichoniamsha ni mlango kugongwa kwa kiganja. Ni jirani yangu wa mlango wa mbele, Bi Zuwena. Ni Mwomani wa asili ya Unguja, mjane, alifundisha shule mpaka akastaafu. Watoto wake wana majumba makubwa, yeye hataki, anasema huko hakuna mtu wa kumsema. Huku kuna mimi.

Alishika simu yake mkononi, kaiweka sauti juu. Nikajisikia mwenyewe kwenye korido nikimwita mama yangu.

Akaniuliza hii sauti ya nani. Nikasema, sijui Bi Zuwena, itakuwa mtu wa Dar.

"Nnakusikia kupitia ukuta huu kila siku ya Mungu," akasema. "Usinfanye mimi mjinga."

Alitumiwa na binamu yake wa Seeb. Binamu alitumiwa na msichana wake wa kazi. Msichana alitoa kwenye grupu lingine kabisa. Kile kipande kilikuwa kimezunguka Muscat nzima nami nimejifunika shuka.

Nikakimbilia simu. Nikafuta kwenye grupu, lakini kilikuwa kimeshasambaa kwenye magrupu ambayo hata simo. Akina dada wa kazi za ndani walikuwa wanaulizana tukimbilie wapi. Mmoja alikuwa amepanga nguo kwenye begi. Mmoja alikuwa anawaaga watoto wake Singida.

Na juu ya yote hayo, simu za Rehema. Alipiga, akapiga, akapiga. Halafu zikaacha.

Rehema ni dada yangu, tumbo moja. Anafanya kazi Sidab, kile kijiji cha wavuvi kilichojibana kwenye mawe baada ya mji wa zamani. Anamwangalia bibi mmoja, mzazi wa tajiri wake, Waomani wa Unguja pia. Bibi magoti yamekwisha, ana sukari, anatembelea kiti cha magurudumu, na anapenda mtu wa kuongea naye Kiswahili. Ndiyo maana walimchukua Rehema. Wanapendana wale, wakuu. Bibi anamwita mwanangu, na wanagombana kama mtu na mamaake kweli, mambo ya chumvi.

Nikapiga simu ya Rehema. Haipatikani.

Kabla sijapiga tena, simu ikaingia. Ni Said, mtoto wa bibi, tajiri wa Rehema. Sijawahi kupigiwa na Said hata siku moja.

Alikuwa mji wa Barka na familia yote, wamekwenda kwenye posa ya mpwa wao. Nyumbani wamebaki bibi na Rehema. Akasema kamera za nyumbani zimezima zote kwa pamoja, simu ya Rehema imezimwa, simu ya mama imezimwa. Kamwomba jirani yao wa Sidab akagonge geti, kagonga, kimya. Wameanza safari ya kurudi lakini wako mbali. Akaniuliza kwa adabu kabisa, "Ndugu yangu, unajua dadaako yuko wapi?"

Hilo swali sikutaka kuulizwa.

Kwa sababu nilijua. Sio kwa kukisia, nilijua kama nipo naye.

Rehema huja kwangu Ijumaa akipewa ruhusa. Ananipikia, namlipa kwa kumchosha na habari za ndege. Siku chache nyuma alikuwa na wasiwasi na hizo habari za makombora, akaniuliza, kaka, ikifika huku tunafanyaje? Nami nikajifanya jenerali. Nikachukua pasi, nikamwambia, unaona hii? Kombora linafuata joto. Likitokea la kutokea, zima kila kitu chenye moto. AC, jiko, friji, simu, zima main switch kabisa. Ingia chumba kisicho na dirisha, chini ya ngazi, funga mlango, usitoke hata aite nani.

Nilisema vile nione anavyokodoa macho. Makombora ya kupiga miji hayanusi friji ya mtu, na mimi najua hivyo. Nilitaka tu anione mjuzi.

Sasa fikirini. Mwezi wa sita, Muscat. Nje huko ukigusa mlango wa gari unaacha ngozi. Ndani ya stoo ya chini ya ngazi, isiyo na dirisha, umeme umezimwa, mlango umefungwa, kuna bibi mgonjwa wa sukari.

Na Said yupo kwenye simu anasubiri jibu.

Nikamwambia sijui.

Nilisema hivyo, wakuu. Nikimwambia yuko stoo ataniuliza umejuaje, nikimwambia nimejuaje nimekwisha. Huku kusambaza uvumi wa vita sio utani wa baraza. Niliona gari la polisi, niliona kituo, niliona ndege ya kurudishwa nyumbani bila begi. Nikasema sijui, ila nitakwenda kuangalia.

Nikakata simu, nikaomba lifti kwa Bi Zuwena. Hakuuliza. Alichukua buibui na funguo.

Bi Zuwena ana gari la zamani lakini analiendesha kama limeibiwa. Tukatoka Ruwi tukashika Wadi Kabir, ile barabara ya kupanda mlimani. Mawe pande zote yanameremeta kwa jua, lami inatetemeka. Nikaangalia kipimo cha joto kwenye dashibodi nikaangalia pembeni.

Kila niliyempita barabarani niliona anaangalia juu. Labda alikuwa anatafuta kivuli tu.

Bi Zuwena akaniuliza mbona nalia. Nikamweleza. Pasi, joto, stoo, yote. Nilidhani atanituliza.

Akasimamisha gari pembeni, pale pale mlimani. Akasema nimpigie Said nimwambie mahali walipo, saa ile ile, ama nishuke niende kwa miguu.

Nikampigia. Nikamwambia aangalie stoo ya chini ya ngazi, Rehema anaogopa joto la ndege, jirani avunje geti apige kelele wafungue. Maneno yalikuwa hayana kichwa. Said hakuuliza chochote, alisema "khalas, khalas," yaani basi inatosha, akakata.

Ya sauti sikumwambia.

Tulipofika Sidab, jirani yao, mzee wa makamo kavaa kanzu ya Ijumaa, ameshapanda ukuta na kufungua geti kwa ndani. Mlango wa jikoni alikuwa ameuvunja kitasa. Amesimama mbele ya stoo anagonga na kuongea Kiarabu.

Ndani kimya kabisa.

Mnaelewa kwa nini. Dada yangu kajifungia kwa kuogopa vita, halafu anasikia mlango wa jikoni unavunjwa na sauti ya mwanaume anayoijua nusu nusu inafoka kwa Kiarabu. Angefunguaje?

Nyumba ilikuwa kama tanuri la mikate. Friji imenyamaza, inadondosha maji sakafuni. Nikaenda kwenye ule mlango, nikaweka mdomo kwenye ufa.

"Rehema, ni mimi. Fungua. Hakuna vita."

Sauti yake ikatoka, kavu.

"Umetangaza mwenyewe."

"Ilikuwa gemu."



"Gemu gani, kaka?"

Nikasikia komeo linasogea.

Muda wote ule nilikuwa nimejidanganya kwamba Rehema aliamini kwa sababu hakuitambua sauti. Kumbe aliitambua toka neno la kwanza. Ndiyo maana aliamini. Wenzake kwenye grupu walisema huo ni uongo, yeye akawaambia huyu ni kaka yangu, yuko Ruwi, ndege anazijua, hawezi kulia hivi bure. Akanipigia nimwelekeze. Sikupokea. Wakati anapiga, helikopta ikapita juu ya paa kama zinavyopita siku zote, akajua jenerali nimeshakufa.

Akafanya kila nilichomfundisha. Main switch, simu, mlango.

Mle stoo alikuwa amemlaza bibi juu ya magunia ya mchele, kamvua mtandio, kamlowesha kanga kwa maji ya kunywa. Alikuwa anampepea kwa kawa. Maji yote alimpa bibi, mwenyewe midomo imepasuka.

Bibi alikuwa ameacha kutoka jasho. Macho yapo wazi lakini alikuwa anaongea na watu wa zamani, anawaambia wafunge mlango wa chini, wanakuja. Sikujua anaogopa vita ipi. Yangu au nyingine aliyowahi kuiona akiwa msichana Unguja. Bi Zuwena ndiye aliyejua, maana alimshika mkono akamjibu, "Wamekwenda zao, bibi. Wamekwenda zao kitambo." Uso wa Bi Zuwena wakati anasema vile, sitaki kuukumbuka.

Mimi niliyetangaza bandari inawaka, sikuwahi kuona nyumba inawaka hata moja.

Ambulance ikaja. Tukawafuata hospitali. Rehema naye akawekewa drip kwenye kiti, maana alianguka mapokezi.

Said akafika na kanzu yake ya posa. Daktari akamwambia mama yake ataishi, ila wangechelewa kidogo zaidi asingemwahidi. Akakaa chini. Halafu akamgeukia Rehema, akauliza taratibu nani kakwambia kuna vita.

Rehema akaniangalia. Akaangalia mpira wa drip.

"Nilisikia kwenye grupu."

"Kasema nani?"

"Simjui."

Mimi nilikuwa nimesimama pale pale. Niliangalia vigae vya hospitali. Ni vyeupe, vina mstari wa kijani.

Hapo ndipo tulipo mpaka ninavyoandika.

Bibi amerudi nyumbani, anakula, na ameshaanza kulalamika chumvi. Rehema yupo naye. Lakini dada zake Said wanasema mwoga kama huyu hawezi kuachiwa mama, anaweza kumuua kwa ujinga wake, arudishwe Tanzania, watatafuta mwingine. Said hajaamua. Rehema mtoto wake yupo Muheza kwa mama yetu, anasoma, na kila kitu cha yule mtoto kinatoka Sidab. Wanamwita mjinga, naye ananyamaza. Akisema neno moja tu, kwamba sauti ile ni ya kaka yangu, anapona. Hajasema.

Simu zangu hapokei.

Mimi nashuka ngazi, napiga pasi, napanda ngazi. Gari likisimama chini ya jengo nachungulia pazia. Juzi polisi aliingia laundry nikaweka pasi juu ya shati la mteja nikaisahau. Alikuja kuchukua sare zake. Shati limeungua, mwenye shati bado sijamwambia, naona imekuwa tabia.

Kuhusu ule ubishi, najua mnasubiri. Mdau alikuwa sahihi. Nililiangalia pigano lote baadaye. Jeti zilirusha makombora yao zikaondoka. Spitfire zilizobaki ziliendelea kuzunguka juu ya bandari bila adui, kona safi kabisa, mpaka jeti ziliporudi. Ndege za pangaboi zinashinda pale tu jeti ikiwa na rubani mpumbavu anayetaka kuzichezea karibu. Anayeamua pigano lianze lini na liishe lini, huyo ndiye mwenye pigano. Nampa ushindi mdau wa mistari miwili, na kweli mimi ni mpiga pasi.

Nilichojifunza, kama kinawafaa. Ukiwa na mtu anayekuamini, usimfundishe kitu kwa kujionyesha. Atakifanya. Atakifanya vizuri kuliko ulivyosema, na hutakuwepo.

La pili, usikate mwanzo wa kitu ili kinoge.

Sasa nyie wakuu, hasa mlioko Ghuba na mnaojua sheria za huku. Mngekuwa mimi mngefanyaje? Nimwambie Said, ama niache upepo upite? Mwenye busara ashushe, mwenye matusi pia ashushe, nimezoea.

Nilipofika hapa nikamsomea Bi Zuwena uzi wote, maana alikuja kuleta sahani ya maandazi, nikataka aniambie kama umekaa vizuri. Alisikiliza mpaka mwisho, amesimama mlangoni, hakukaa. Namnukuu kama alivyosema:

"Watu usowajua umewaandikia yote haya, na Said hujamwambia hata neno moja. Vaa viatu."